Gari la kasi lililotumika: ninunue lililokwisha kuongezewa nguvu, au lililobaki kama lilivyotoka kiwandani?

Mshika Usukani

Wakubwa shikamooni, na wenzangu salaam. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiweka akiba ili ninunue gari moja la kasi nitakalokaa nalo miaka mingi, na sasa nimefikia hatua ya kuchagua. Nimebakiwa na magari mawili, yote yametumika, na wauzaji wote wawili wamekubali nilete fundi wa kuyakagua. Kabla sijatoa fedha naomba mawazo ya watu waliowahi kumiliki magari haya au kuyafungua.

La kwanza ni Nissan GT-R ya 2009, kizazi cha R35, lenye injini ya V6 ya lita 3.8 na tabo mbili, yaani pampu zinazosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Lilipoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2007 gari hili lilikuwa na nguvu za farasi 480, lakini hili ninalolitazama limekwisha kupita hapo. Mmiliki wake wa sasa amebadilisha mabomba ya kuingizia hewa, nozeli, pampu ya mafuta na ekzosi yote, kisha programu ya kompyuta ya injini ikaandikwa upya. Anasema sasa linatoa farasi wapatao 650 kwa tabo zile zile za asili, na amenionyesha karatasi ya mashine ya kupimia nguvu. Pia limeshushwa kwa springi fupi na limefungwa rimu nyingine.

La pili ni Porsche 911 Carrera S ya 2009, kizazi cha 997, la giaboksi ya mkono, lenye injini ya lita 3.8 isiyo na tabo na farasi 385. Halijaguswa kabisa. Kilometa zake ni karibu mara mbili ya zile za GT-R, lakini daftari lake la matengenezo limejazwa bila pengo tangu siku ya kwanza. Bei za magari haya mawili zinakaribiana sana.

Matumizi yangu yatakuwa barabara za milimani mwishoni mwa wiki, pamoja na siku chache kwa mwaka katika uwanja wa mbio, zile siku ambazo wamiliki wa magari ya kawaida huruhusiwa kuingia na kuendesha bila kushindana. Nakiri kwamba moyo wangu unavutwa na GT-R, kwa sababu kazi ya kuongeza nguvu imekwisha kufanyika na mwingine ndiye aliyeilipia, hivyo naona kama vifaa vyote vile nitavipata bure. Je, hesabu hiyo ni sahihi? Na nikichukua Porsche, marekebisho yaanzie wapi? Mwisho, ukaguzi wa kabla ya kulipa ufike kina gani?

Fundi Mstaafu

Marahaba, ndugu. Kazi yangu ilikuwa injini, hasa zenye tabo, kwa hiyo nitaanza na hiyo hesabu ya vifaa vya bure, maana ndiyo iliyobeba uamuzi wako.

Kiwanda kinapopanga programu ya injini huacha akiba. Wahandisi wanajua kwamba gari litafika mikononi mwa mtu atakayeweka mafuta ya oktani ndogo kuliko inayotakiwa, atakayechelewa kubadilisha plagi, atakayepanda mlima mrefu siku ya joto kali huku amekanyaga mafuta hadi mwisho, na bado injini inatakiwa imfikishe salama. Anayeandika upya programu huichota akiba hiyo: anaongeza shinikizo la tabo, anawahisha cheche, na mara nyingi anapunguza kidogo yale mafuta ya ziada yaliyokuwa yakipoza chumba cha mwako. Mjuzi hubakiza sehemu ya akiba. Anayetafuta namba kubwa ya kuonyesha watu habakizi kitu. Hatari yenyewe ni pale sehemu ya mchanganyiko wa hewa na mafuta inapojiwakia kabla ya moto wa plagi kuifikia, ikaleta mapigo makali ya shinikizo ambayo yanaweza kuvunja kingo za pistoni mahali ringi zinapokaa, tena kwa muda mfupi sana. Kompyuta ina sensa ya kusikiliza mapigo hayo, na inapoyasikia huchelewesha cheche ili kuokoa injini; lakini wapo wanaoipunguzia sensa hiyo usikivu ili gari lisipoteze nguvu, nawe huwezi kuligundua hilo kwa kuliendesha gari nusu saa.

Ile karatasi uliyoonyeshwa ni habari ya sekunde chache. Gari lilifungwa kwenye mashine, feni ikawashwa mbele yake, likakanyagwa mara moja hadi mwisho, basi. Mashine mbili tofauti zinaweza kulipa gari lile lile namba tofauti, na ipo pia tofauti kati ya nguvu inayopimwa kwenye magurudumu na ile inayokadiriwa kwenye injini, kwa hiyo uliza hiyo 650 ni ipi. Ningetaka zaidi kuona mstari wa uwiano wa hewa na mafuta chini ya ule wa nguvu, na kumbukumbu za kompyuta zinazoonyesha joto la hewa inayoingia, hatua ya cheche katika kila mzunguko, na kama sensa ya mapigo ilikuwa ikilalamika. Mtu aliyefanya kazi kwa uangalifu huwa na kumbukumbu hizo na hufurahi kuzionyesha.

Sasa R35 yenyewe. Injini yake ni kazi ya heshima. Kila moja iliunganishwa kwa mkono na fundi mmoja katika kiwanda cha Yokohama. Inavumilia kuongezewa nguvu kuliko injini nyingi za wakati wake. Hata hivyo uvumilivu huo una mwisho, na mwisho huo mara nyingi huanzia kwenye konrodi, zile fimbo zinazounganisha pistoni na kranki. Kinachopinda konrodi hasa ni nguvu ya kusokota inayokuja ghafla injini ikiwa bado kwenye mizunguko ya chini, kuliko idadi ya farasi wanaopatikana juu kabisa, na tabo ndogo za asili zinaposukumwa hadi karibu na mwisho wa uwezo wake huleta msokoto wa namna hiyo hasa. Gari la farasi 650 ambalo mwandishi wa programu amelainisha msokoto katikati ni tofauti kabisa na lile ambalo nguvu yote inafumuka mara tu tabo zinapoamka, ingawa karatasi za magari yote mawili zitasoma namba ile ile.

Kisha kuna giaboksi. Imewekwa nyuma pamoja na difu, ina klachi mbili, na kila kilo ya msokoto iliyoongezwa kwenye injini inapitia humo. Magari ya mwanzo yalikuwa na programu ya kuondokea kwa kasi iliyoruhusu injini kupanda mizunguko mingi kabla klachi hazijashika, na Nissan yenyewe ilikuja kuibadilisha ili kupunguza mshtuko huo. Katika gari la 2009 huna budi kujua mmiliki wa kwanza alikuwa akiondoka vipi kwenye taa.

Kwa hiyo vifaa havikuja bure. Pamoja navyo umepokea maamuzi ya mtu usiyemjua, kuanzia shinikizo alilochagua hadi mafuta aliyotumia, na mara ngapi aliendelea kukanyaga joto la oili lilipokuwa limepita kiasi. Hayo yote hayaandikwi popote.

Nikupe kipimo kimoja ninachokitumia ninapotazama gari lililorekebishwa. Najiuliza kila kifaa kimefungwa ili kuondoa udhaifu unaojulikana, au kimefungwa ili kuchota akiba ya kiwanda. Rejeta kubwa zaidi ya oili, mabomba ya maji yaliyochomelewa badala ya yale ya gundi kwenye 911 Turbo ya kizazi hicho hicho cha 997, beringi mpya za konrodi kwenye BMW M3 ya V8, yote hayo ni ya aina ya kwanza, na gari lenye hayo nitalilipia zaidi bila kusita. Orodha uliyoitaja ya hiyo GT-R yote ni ya aina ya pili. Sioni kifaa hata kimoja cha kupoza wala cha kuimarisha. Hilo linanieleza mengi juu ya aliyelirekebisha.

Ukiamua kulifuatilia, dai kipimo cha mvujo wa silinda, maana kile cha mgandamizo peke yake hakitoshi. Hewa ya shinikizo huingizwa kwenye silinda moja moja vali zikiwa zimefungwa, kisha husomwa ni asilimia ngapi inavuja na inatorokea wapi: ikisikika kwenye ekzosi, vali ya kutolea haikai vizuri, ikisikika kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi au pistoni, maji ya rejeta yakitoa mapovu, ni gasketi ya silinda hedi. Injini nzima huvuja chini ya asilimia 10, na ikifika 20 mimi hufunga daftari langu. Silinda moja inayotofautiana sana na wenzake ni dalili mbaya hata kama haijafika huko.

Mpenda Kona

Mzee Fundi amemaliza upande wa injini, nami niseme juu ya mengine, kwa sababu uwanja wa mbio hauanzi kuuliza injini. Unaanza na breki.

Nishati ambayo breki zinatakiwa kuigeuza kuwa joto hupanda kwa mraba wa mwendo. Gari linalofika mwisho wa sehemu iliyonyooka likiwa na kilometa 180 kwa saa badala ya 150 linabeba nishati zaidi kwa asilimia 44, na kila mzunguko wa uwanja kazi hiyo inarudiwa kwenye diski zile zile ambazo hazijapoa. GT-R kwa asili yake ni gari zito, la zaidi ya kilo 1,700, na mtu ameliongezea farasi 170 bila kutaja breki hata kwa neno moja. Kama diski na pedi ni za kawaida, na hata oili ya breki haijulikani ilibadilishwa lini, basi gari hilo limeongezewa uwezo wa kufika kwenye kona upesi kuliko linavyoweza kusimama.

Oili ya breki hupuuzwa sana, nayo ndiyo kifaa cha bei ndogo kuliko vyote. Ile ya daraja la DOT 4 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini huvuta unyevu kutoka hewani kadiri muda unavyopita, na kiwango cha chini kinachokubalika ikiwa na unyevu ni nyuzi 155 tu. Ikichemka ndani ya kalipa, kile kibanio cha pedi kwenye diski, hutoa mvuke, mvuke unabonyezeka, na pedali inashuka hadi sakafuni bila gari kusimama. DOT 5.1 inaanza na 260 na kushuka hadi 180. Ukinunua gari lolote kati ya hayo mawili, ondoa oili yote ya zamani kabla ya siku yako ya kwanza uwanjani, haidhuru muuzaji amekuambia nini.

Kwa hiyo swali lako la pili nalijibu hivi: anza na matairi, kisha oili na pedi za breki zinazovumilia joto, kisha upimaji wa magurudumu uliofanywa na mtu anayejua matumizi yako. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya 2019. Gari la kasi linaloendeshwa mara chache linaweza kuwa na matairi yenye kashata nzuri lakini mpira umekwisha kukauka, na tairi kavu hulipotosha gari zima, hata ukadhani shokapu zimekufa. Fundi wa upimaji akilaza magurudumu ya mbele ya 911 ndani kidogo zaidi juu, pua itashika kona vizuri zaidi, na hilo ni muhimu kwa gari lenye injini nyuma ambalo kwa kawaida huanza kona kwa kuteleza mbele. Endesha hivyo kwa msimu mzima. Baada ya hapo utajua wewe mwenyewe gari linakosa nini, na huenda ukakuta linahitaji kiti kinachokushika vizuri kuliko kitu kingine chochote.

Zile springi fupi za GT-R sizipendi hata kidogo. Gari lile lilitoka na shokapu za Bilstein zinazorekebishwa kwa swichi, na shokapu hizo zilipangwa kwa springi fulani na kwa umbali fulani wa kupanda na kushuka. Ukifupisha springi, shokapu inafanyia kazi sehemu ya mwisho ya safari yake, na barabara ya mlimani yenye mabonde itakuwa inaifikisha kwenye ukomo mara kwa mara. Gari linaonekana zuri likiwa limesimama, lakini ukiliingiza kwenye kona yenye bonde linaruka pembeni. Pima pia uzito wa zile rimu. Rimu nzito kuliko za asili huongeza mzigo usiobebwa na springi, na hilo shokapu hulihisi katika kila kokoto.

Mmiliki wa R35

Naheshimu waliotangulia, ila naona GT-R inahukumiwa kwa ukali. Mimi ninalo la 2010, limerekebishwa, na ninaliendesha uwanjani bila wasiwasi. Tofauti ni kwamba langu lilirekebishwa na karakana moja tangu mwanzo hadi mwisho, na kila hatua ina risiti, tarehe na kumbukumbu za kompyuta. Kabla ya kuongeza shinikizo walifungua giaboksi na kuimarisha sehemu ambazo mafundi wa gari hili wanajua hulegea, wakaongeza rejeta ya oili ya giaboksi, ndipo wakagusa programu. Nguvu iliongezwa kwa kiasi, chini ya hiyo 650. Gari la namna hii, kwa maoni yangu, ni bora kuliko lile la asili la umri huo huo ambalo giaboksi yake haijawahi kufunguliwa, na ningependa ndugu muulizaji asifunge mlango kwa kila gari lililoguswa. Kipimo cha Mzee Fundi nakubaliana nacho, maana ndicho hicho hicho karakana ile ilichokifuata.

Ukienda kuliona, lisikilize likiwa baridi na tena likiwa limepata joto. Mlio wa kugongana kwa chuma unaotoka kati ya injini na shafti inayokwenda nyuma, gari likiwa limesimama na injini inazunguka taratibu, unatokana na beringi zilizochakaa pale nyuma ya flaiwili. Ni ugonjwa unaojulikana wa magari haya, unatibika, ila uingizwe kwenye bei. Lijaribu giaboksi katika mwendo mdogo, hasa gia ya kwanza kwenda ya pili na ya kurudi nyuma, kwa sababu kwenye mwendo mkubwa kasoro hujificha. Oili ya giaboksi ikimwagwa, sumaku zitakuwa na unga mwembamba wa chuma, na huo ni wa kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa vidole si vya kawaida.

Mkaguzi

Nami nizungumzie Porsche, kwa sababu wengi hudhani gari lisiloguswa halihitaji kukaguliwa sana.

Kwanza hakikisha ni injini ipi. Magari ya kwanza ya 997 yalikuwa na shafti ya kati ndani ya injini, na beringi ya mwisho wa shafti hiyo ikifa inaweza kuua injini nzima. Injini mpya iliyokuja na mifano ya 2009, yenye kupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, haina shafti hiyo kabisa. Lakini gari lililosajiliwa 2009 linaweza kuwa lilitengenezwa kabla ya mabadiliko. Farasi 385 ni wa injini mpya. Ile ya zamani ya Carrera S ilikuwa na 355. Taa za nyuma za mpya ni za LED. Linganisha yote hayo na namba ya chesisi, usiishie kwenye maneno ya tangazo.

Kwa kuwa ni giaboksi ya mkono, omba isomwe kumbukumbu ya kuzidishwa kwa mizunguko. Kompyuta ya injini ya 997 huhesabu mara ambazo cheche ilipigwa injini ikiwa juu ya mizunguko inayoruhusiwa, ikigawa katika ngazi sita, na huandika saa ya injini ambapo kila ngazi ilifikiwa mara ya mwisho. Ngazi za chini hufikiwa hata na dereva mwema anapokanyaga hadi kikomo. Zile za juu hazifikiki kwa kukanyaga, kwa sababu kompyuta hukata mafuta kabla ya hapo. Hufikiwa tu pale dereva anapokosea kushusha gia, akatia ya pili badala ya ya nne, na magurudumu yakaizungusha injini kwa nguvu. Kukiwa na hesabu kwenye ngazi ya tano au ya sita, tazama ilikuwa saa ngapi za injini zilizopita. Kama gari limeendelea kufanya kazi kwa mamia ya saa baada ya tukio hilo, pengine liliokoka. Kama ni juzi, ondoka. Hizo saa za injini zina faida nyingine pia: gawanya kilometa kwa saa hizo, na ukipata wastani wa mwendo usioelekea akilini kwa gari la namna hiyo, odometa imeguswa.

Ingiza kamera nyembamba ndani ya silinda utazame kuta kama zina mikwaruzo ya wima. Tatizo hilo ni la injini zilizotangulia zaidi kuliko hii, lakini kamera haigharimu sana ukilinganisha na injini. Ncha moja ya ekzosi kuwa nyeusi sana kuliko nyingine, au oili kupungua upesi, ni sababu ya kuichukua kamera hiyo mapema. Kilometa nyingi zenye daftari lililojaa hazinitishi. Injini hizi huumizwa zaidi na kukaa muda mrefu bila kutumika, na kukanyagwa zikiwa baridi, kuliko na safari ndefu za kawaida.

Kuhusu rangi, kifaa cha kupimia unene wake kitakuonyesha paneli iliyopakwa upya, lakini kwa GT-R chukua kile kinachosoma alumini pia, kwa sababu boneti, milango na mfuniko wa buti wa gari lile ni vya alumini na kifaa cha chuma pekee hakitasema kitu.

Jambo la mwisho ni bima. Iarifu kwa maandishi juu ya kila badiliko, hata rimu, maana mabadiliko yaliyofichwa huwapa sababu ya kukataa kulipa siku ya ajali. Na kama ekzosi ile ya GT-R imeondolewa vichujio vya moshi, tambua kwamba katika nchi nyingi gari la namna hiyo haliruhusiwi kutembea barabarani, haidhuru limeendeshwa hivyo miaka mingapi.

Mshika Usukani

Nawashukuru nyote kwa kunitendea kama ndugu. Nimempigia muuzaji wa GT-R na kumuuliza mlivyonielekeza. Hajui ni nani aliyeandika programu. Anasema ilifanywa kwa faili lililonunuliwa, na baadaye mtu mwingine akalirekebisha. Kumbukumbu za kompyuta hana. Nozeli na springi za asili aliziuza, mabomba anayo. Breki ni za kiwandani na oili yake hakumbuki. Giaboksi haijafunguliwa. Kipimo cha mvujo amekubali, ila anataka nilipe amana kwanza. Muuzaji wa Porsche amekubali kila kitu bila masharti.

Nauliza swali moja tu lililobaki. Je, GT-R hiyo inaweza kurudishwa ilivyokuwa, programu ya kiwanda ikaandikwa tena na vifaa vya asili vikatafutwa, kisha nikaanza upya kwa utaratibu mliouelekeza?

Fundi Mstaafu

Vifaa vinarudishika na programu ya kiwanda inaandikika tena. Utahitaji nozeli sita, springi, pengine shokapu nne ikiwa zilizopo zimechoka kwa kufanya kazi zikiwa zimebanwa, vichujio vya moshi kama viliondolewa, na matairi yanayolingana na rimu za asili ukizipata. Kisichorudi ni uchovu wa chuma. Konrodi iliyokwisha kupinda kidogo hainyooki kwa sababu shinikizo limeshushwa, na klachi iliyoungua inabaki imeungua. Ungekuwa unalipa mara mbili ili ufike mahali ambapo gari jingine la asili tayari lipo, na bado ungebaki na mashaka yale yale ndani ya injini. Likishuka bei kwa kiasi cha kugharimia giaboksi kufunguliwa pamoja na vitu vyote hivyo, ongea naye tena. Vinginevyo, kama moyo umeng'ang'ania R35, tafuta la aina anayoieleza ndugu yetu mwenye la 2010, ukaonane na karakana iliyolitengeneza kabla hujaonana na muuzaji.

Kutoa amana kabla ya kipimo usikubali. Kipimo ndicho kinachokuambia kama kuna sababu ya kutoa amana.

Porsche likague wiki hii kabla mwingine hajalifikia. Mwombe muuzaji asiiwashe injini siku hiyo hadi ufike, ili uisikilize ikiwa baridi kabisa, kisha ziara nzima ifuate mpangilio wa Mkaguzi: namba ya chesisi, kumbukumbu ya mizunguko, kamera, ndipo uliendeshe. Chukua pia oili kidogo ya injini ikiwa ya moto ukaipeleke maabara ipimwe kiasi cha shaba, chuma na alumini. Ukishapata namba za mvujo wa silinda zote sita na hesabu za ngazi zote sita za mizunguko, ziandike hapa pamoja na saa za injini, tuzisome pamoja kabla hujatia sahihi.